Kobe Saba kwa Matairi Manne

Marahaba, marahaba, inatosha. Mkiniamkia sana nitakuwa mzee zaidi ya nilivyo, na kazi ya kuzeeka naiweza mwenyewe bila kusaidiwa. Kaeni. Na wewe unayecheka katambuga zangu, hivi viatu vya tairi, kaa, nitakufikia.

Juzi kijana mmoja wa hapa Kilole kaniletea gari la mtumba, limemzidi umri. Anataka kulinunua. Kalizunguka, kapiga matairi mateke kama mnavyofanya siku hizi, sijui mnangoja tairi lipige kelele za maumivu, halafu kaniuliza, "Babu, gari la zamani kama hili likienda ukaguzi wa mwaka, linapita?"

Nikamwambia linapita. Nikamwambia mimi nimewahi kuona aina moja ya gari, kuukuu la kutupwa, yapo saba wilaya mbili, na yote saba yanapita ukaguzi siku ya kwanza, mwaka baada ya mwaka. Kijana akatoa simu aandike jina la gari hilo. Nikamwambia rudisha simu mfukoni. Aliyekuwa anayapitisha ni mimi.

Gari lenyewe tuliliita Kobe, kwa ule mgongo wake. Jina la kiwandani siwatajii, maana waliolitengeneza hawana kosa. Wao walitengeneza gari, kobe tumetengeneza sisi. Wazungu wa mashamba ya mkonge walipofungasha baada ya Uhuru waliacha Kobe huku na huku, na mmoja akaangukia kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Misima. Tukamkata nyuma akawa pikapu. Mkutano wa kijiji ukauliza nani anajua gari. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne, lakini niliwahi kuitengeneza baiskeli ya mwenyekiti ikaenda mbele. Nikapitishwa kwa kunyoosha mikono. Dereva na fundi, vyote viwili, na sijawahi kushika usukani.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mhina, alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ananipa ufunguo aliniambia, "Saidi, kijiji hiki gari ni hili tu. Kila mwaka linakwenda Korogwe kukaguliwa. Likinyimwa karatasi, wagonjwa wanarudi kubebwa kwenye machela, na wewe unarudi kwenye jembe." Sasa machela mimi niliyajua, nilishabeba. Na jembe pia tulikuwa tunafahamiana vizuri, hatukupendana.

Shida ikawa spea. Miaka ile hakuna kitu. Ukienda dukani Tanga ukaulizia shuu za breki, yaani zile pande mbili zinazobana gurudumu kwa ndani, muuzaji anakutazama kama umeulizia nyama ya malaika. Matairi ndiyo usiseme. Ya Kobe wetu yalikuwa vipara, unaweza kujitazama humo ukachana nywele.

Ndipo nikapelekwa hapa Kilole, pembeni ya Korogwe mjini, kwa Fundi Athumani, Mungu amrehemu. Huyu ndiye aliyenifunza kazi, na alinifunza kwa kunitukana. Yeye hakuwa na kipimo hata kimoja cha dukani. Kujua tairi limebaki na uhai, alichukua punje ya hindi akaisimamisha kwenye mfereji wa tairi. Punje ikizama yote, tairi zima. Ikichungulia, anza kuomba dua. Kujua mafuta ya breki yanavuja alikuwa hachungulii chini, alipitisha kidole upande wa ndani wa gurudumu: vumbi likitoka kavu, sawa, likitoka uji, breki inalia machozi. Kujua beringi inakufa, aliweka ncha ya bisibisi pale kwenye chuma na mpini wake sikioni. Siku ya kwanza nimejaribu mimi nikageuza, ncha ikawa sikioni. Akaniambia, "Saidi, hapo umesikia nini?" Nikamwambia nimesikia maumivu. Akasema basi gari ni bovu.

Hayo shikeni, bado yanafanya kazi. Simu haina kidole cha kugusa mafuta.

Sasa huyu Athumani ndiye aliyeleta wazo. Kobe wote wa Handeni na Korogwe walikuwa wanatibiwa kwake. Akaona huyu ana tairi moja zuri, yule ana mawili, mwenye duka ana shuu mpya alizoachiwa na mzungu, yule wa shamba la mkonge ana honi inayolia. Akatuita madereva akasema, jamani, tunaambiwa kila jioni redioni tuishi kijamaa, tulime pamoja, tuvune pamoja. Kwa nini tusikaguliwe pamoja?

Basi likapatikana gunia. Gunia la mkonge, ndani yake seti moja ya shuu za breki, taa mbili za mbele, honi moja, wipa moja, na kando yake matairi manne ambayo punje ilizama. Tukaliita Gunia la Umoja. Tarehe yako ya ukaguzi ikikaribia, unakuja Kilole jana yake, Kobe wako anavuliwa nguo zake mbovu, anavishwa za gunia. Asubuhi anakwenda kituoni Korogwe, anapita, anarudi, anavuliwa. Gunia linakwenda kwa mwingine. Halafu wewe unarudi kwenu na karatasi safi na gari lilelile la jana.

Mnacheka. Sisi hatukuona kama ni wizi. Tuliona ni siasa imetekelezwa.

Mkaguzi wa magari alikuwa Msambaa mmoja wa Lutindi, Afande Shemhilu. Mwembamba, mpole, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata. Mimi Mzigua, yeye Msambaa, kwa hiyo watani, na utani wetu mnaujua, mtu anaweza kukutukania ukoo mzima na usinune. Nikifika tu ananiambia, Mzigua, umeoga leo au kwenu bado mnangoja mvua? Namjibu, afadhali sisi, nyie mmezaliwa kwenye mteremko, mkisimama tambarare mnaanguka. Huku tunataniana, yeye anazunguka Kobe. Anainama anatazama matairi kwa ndani, anakaa huko chini muda, anainuka, anaandika.

Siku moja nikafanya kosa. Tumefunga kila kitu, honi tumeisahau guniani. Nimekumbuka nimeshafika kituoni. Nikafungua boneti, nikamwambia afande ingia wewe ubonyeze, mimi nitazame waya. Akabonyeza. Nikalia mwenyewe, huku kichwa kimo kwenye injini: piii! Akabonyeza tena, na mimi ndiyo kwanza navuta pumzi. Kimya. Halafu ikaja: piii, lakini imechelewa na imetoka na kikohozi. Afande akashuka, akafunga boneti taratibu, akasema, "Honi yako ina mafua, Mzigua. Ipe maji ya tangawizi." Akaandika imepita. Nikasema moyoni, huyu Msambaa mjinga kweli.

Kumbukeni hapo niliposema mjinga.

Mwaka wa kwanza wa gunia haujaisha, sifa za Kobe zikaenea. Watu wakawa wanasema, jamani, gari ni Kobe, halijawahi kuanguka ukaguzi. Kuna mwalimu mmoja wa Handeni aliuza mbuzi zake zote akanunua Kobe, kwa sababu aliulizia akaambiwa rekodi yake. Huyo ndiye wa saba. Ukaguzi wake wa kwanza ulipofika, mwaka uleule, akaja Kilole kuulizia fundi, Athumani akamkalisha, akamwonyesha gunia. Mwalimu alilitazama lile gunia kama mtu aliyeonyeshwa mchumba bila shela. Akauliza, hii ndiyo rekodi? Athumani akamwambia ndiyo hii, na wewe utachangia nini? Akachangia wipa ya kushoto.

Sasa ikaja asubuhi ile. Mwaka wa tatu wa gunia, na Kobe wetu ndiye wa kwanza kwenye foleni. Akapita kama kawaida, nikapewa karatasi, nikabandika kiooni. Kufika Kilole tukamvua. Siku hiyo tulivunja rekodi, chai haijapoa magurudumu manne yameshabadilishwa na shuu zimetoka. Mwalimu naye alikuwa anangoja, zamu yake keshokutwa, akataka vitu akafungie kwake Handeni. Lori la Handeni likapita, tukapakia gunia na matairi, likaondoka na mwalimu juu yake amekumbatia gunia kama mtoto.

Vumbi la lori halijatua, namwona Afande Shemhilu anakuja. Anakimbia. Mimi sijawahi kumwona anakimbia, kaptula yote imekunjamana.

Akanishika mkono. Hakunitania. Akasema mama yake kateleza mgombani huko Lutindi, kavunjika mguu, mtu kashuka mlima na habari. Inabidi afikishwe hospitali ya Korogwe leo. Gari la polisi liko Tanga. "Nimekagua gari moja tu leo," akasema, "na ni lako. Twende."

Nikamtazama Athumani. Athumani akatazama dari, na gereji yake haikuwa na dari.

Nikawasha. Tambarare tukaenda, polepole, mimi nazungumza sana ili nisifikiri. Shuu zangu zilikuwa zimekwisha mpaka chuma. Ukikanyaga breki inabidi upampu mara nne ndipo Kobe anaanza kufikiria kusimama. Na njia ya Lutindi mnaijua, kona imepanda juu ya kona, huku ukuta, huku hakuna kitu, unaona nyumba za watu kwa juu ya mapaa. Kupanda ningepanda. Lakini kushuka na bibi wa watu nyuma, mguu umevunjika, breki sina, matairi vipara, na juzi ilinyesha. Nikawa naona kabisa tunavyopita kwenye yale mapaa.

Tulipofika chini ya mlima nikasimamisha. Nikazima. Yeye akaniuliza kulikoni.

Nikasema, "Afande, gari hili halishuki mlima huu na mgonjwa."

"Asubuhi lilikuwa zima."

"Asubuhi lilikuwa la watu saba."

Afande akashuka, akazunguka, akapiga goti kwenye tairi la mbele, akalitazama kwa ndani, palepale anapotazamaga siku zote. Akasema, "Nilikimbia niwahi kabla hamjavua. Kwa nini leo mmewahi hivyo?"

Jamani, nilitamani boneti ifunguke inimeze. Kumbe alikuwa anajua. Akatoa kijisu kidogo mfukoni akanionyesha ncha yake. Kila tairi alilolipitisha alilikwaruza alama moja upande wa ndani, mstari mdogo tu. Mwaka wa kwanza tairi likafikisha mistari saba. Mwaka wa pili kumi na nne. Asubuhi ile alikwaruza wa kumi na tano. Mimi mistari ile niliiona nikadhani ni mawe ya njia ya Misima.

"Tairi la gari moja," akasema, "na mimi nimelikagua mara kumi na tano kwa miaka mitatu."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa anatupitisha. Akakikunja kijisu akakirudisha mfukoni. Halafu akasema hapo ndipo na yeye ana kosa lake. Angetuangusha wote, vijiji havina gari, wagonjwa wanafia njiani. Akajiambia wacha, kuna siku mtani wangu mmoja ataona aibu mwenyewe. "Nilisahau kwamba nyie Wazigua aibu nayo mnaingojea mvua," akasema. "Sasa imenyesha kwa mama yangu."

Basi ndiyo nikajua amenirudishia utani, na nikapumua. Akavua kofia akaiweka kwenye usukani. Akaniambia, "Gari limeanguka ukaguzi. Lakini safari ipo. Leo gari ni wewe, na silipandishi mlimani bila kulikagua. Simama wima."

Mtu mzima, askari wa serikali, barabarani, mbele ya akina mama wanaotoka kuuza ndizi, akanikagua. Taa: akanifunua kope zote mbili. Springi: akanikamata mabega akanikandamiza chini mara tatu. Matairi: inua mguu, akatazama nyayo, akasema hapa pana nyuzi zimetokea. Breki: akanisukuma kwa nyuma nione kama nasimama. Wale akina mama wameshatua mizigo, wanapiga makofi. Mmoja akauliza na honi je?

"Honi naijua," akasema afande. "Ina mafua."

Tukapanda kwa miguu. Bibi tulimkuta kibarazani, mguu umefungwa vipande viwili vya mti, anawatukana wote waliokuwa wanamhurumia. Tukatengeneza machela kwa fito mbili na blanketi, vijana wawili wa pale wakashika nyuma, mimi na afande mbele. Kumbe Mzee Mhina alisema kweli, karatasi ikikosekana watu wanarudi kwenye machela. Hakusema tu kwamba atakayeyabeba ni mimi.

Kushuka kule, vijana wangu, ndiyo nilijua breki ni nini. Breki ni magoti. Kila kona magoti yananiuma, bibi naye anaendesha kutoka juu. Polepole hapo. Kata kushoto. Wewe mfupi, unainamisha. Akamuuliza mwanawe mimi ni nani. Afande akasema ni Mzigua wa Misima, mama, dereva. Bibi akasema, "Gari lake liko wapi?" Afande akasema ndilo hili. Bibi akanikagua kona nzima. Halafu akasema, "Linanuka jasho, lakini halitikisiki."

Mpaka leo hakuna gari langu lililosifiwa hivyo.

Pale chini tukamlaza kwenye Kobe, juu ya majani ya migomba. Kwenye tambarare, polepole, angefika. Lakini kuna miteremko midogo ya kuingilia mjini, na mimi breki sina. Afande akatafuta kipande cha gogo, akakishika, akapanda pembeni mlangoni kama utingo. Kila nikipiga kelele, Afande! yeye anaruka chini, anakimbia, anaweka gogo chini ya gurudumu, Kobe anasimama, anatulia, tunaanza upya. Mkaguzi wa magari wa Korogwe, na sare zake, utingo wangu. Watu waliacha vikombe vya chai kutazama. Tukafika. Mguu ukafungwa vizuri, na bibi aliishi akanitukana miaka mingi baadaye.

Afande alinibandulia karatasi yangu kiooni palepale nje ya hospitali. Hakunionea. Akasema wiki ijayo Kobe wote saba, siku moja, saa moja, uwanja wa kituo.

Ile siku ilikuwa msiba. Kobe saba wamepangwa mstari, na matairi manne tu ya maana, yamo kwenye gari la mwalimu. Mwenyekiti wangu amekuja, kavaa kanzu ya Ijumaa na siku ni Jumatano. Wote tunajua kitakachotokea, magari yote yanafungwa, na mimi jembe nimeshalitia mpini mpya.

Afande hakugusa tairi hata moja. Akapita akimwuliza kila mwenye gari swali moja. "Gari lako lilivyo leo, ungempakia mama yako ukashuka naye Lutindi?"

Wa shamba akatazama viatu vyake. Mwenye duka akatazama vya mwenzake. Mwalimu akaanza kusema kwamba kinadharia, halafu akaanza kuifuta wipa yake ya kushoto. Watano, sita, wote hivyo. Akafika kwangu, akaniuliza vilevile.

Nikamwambia, "Mimi wako nimeshampakia, afande."

Uwanja wote ukacheka, hata mwenyekiti. Afande alijigeuza kidogo ili asionekane, nikaona mabega yanatikisika. Alipogeuka akasema hivi: mna spea za gari moja, basi mna gari moja. Fungieni kwenye Kobe mmoja, zisivuliwe tena, na zile karatasi nyingine sita sitaki kuziona barabarani. Wale sita watakuwa spea za huyo mmoja. Akauliza mwili tuchukue wa nani. Mwalimu akataka wake. Afande akasema wa Misima, maana ndiye pekee aliyesema ukweli chini ya mlima, hata kama aliusema kwa kuchelewa.

Kwa hiyo Kobe akawa mmoja tu, wa vijiji na wa watu wote saba, anazunguka kwa zamu, leo Misima, kesho Handeni, keshokutwa Korogwe, na mimi ndiye dereva wa wote. Ugomvi wa zamu ulikuwepo, tena mkubwa, mwalimu alikuwa na daftari. Lakini mgonjwa akitokea zamu inavunjwa, hiyo haikubishaniwa. Na mwaka uliofuata nilimpeleka kwenye ukaguzi bila kupita Kilole jana yake. Njiani nilisimama mara tatu kusimamisha punje kwenye tairi, jambo ambalo sikulifanya nilipokuwa nadanganya. Afande akainama, akakaa kule chini muda wake, nikasikia kisu kinakwaruza. Akapita. Akapita mwaka uliofuata pia.

Kwa hiyo yule kijana na gari lake la mtumba, jibu nilimpa. Nikamwambia usiniulize kama linapita. Kanyaga breki, gusa gurudumu kwa ndani, simamisha punje kwenye tairi. Halafu mpigie simu mama yako umwambie kuna safari ya mlimani. Ukiona unatafuta maneno, acha gari.

Na wewe sasa, mcheka katambuga. Tairi lile la mbele lilipokwisha kabisa nililiomba, nikalipeleka kwa fundi viatu pale sokoni, nikamwambia mikanda ikatie upande wa ndani. Sogea uone. Hesabu hiyo mistari. Kumi na tano ya uongo, na hii miwili ya pembeni, ya kweli.

Haya, na wewe vua viatu vyako vya dukani, tuone vimekaguliwa mara ngapi.